Maji ya Jibini kwenye Shamba la Mkonge

Nilipoolewa sikujua lolote kuhusu maziwa zaidi ya kuyachemsha yasifurike. Kwetu Mabawa, mjini Tanga, yalikuja mlangoni asubuhi ndani ya chupa iliyozibwa kwa gunzi, tukayatia kwenye chai, yakaisha. Kwamba maziwa yana maji ndani yake, na kwamba watu wa nchi mbalimbali wanaweza kugombana juu ya maji hayo, nilikuja kuyajua shambani.

Mume wangu alikuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa inayopondaponda majani ya mkonge hadi yabaki nyuzi. Shamba lenyewe lilikuwa kwenye njia ya kwenda Maramba, na ilikuwa miaka ya hamsini, wakati katani ilipokuwa ikishuka bandarini Tanga kwa malori usiku na mchana. Harusi ilipokwisha alinichukua tukaishi kambini. Mama yake alibaki Chumbageni, akioka mikate ya ajemi kwenye tanuri la uani na kuiuza asubuhi kwa majirani.

Mama mkwe hakuwa mkali kwangu. Alikuwa tu hajaamua. Mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, na yeye alikuwa amemtakia binti wa kwao, Mdigo mwenziwe. Akizungumza habari zangu na majirani alisema "mke wa mwanangu", kwa sauti ya mtu aliyeachiwa mzigo na msafiri na hajui msafiri atarudi lini. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba," kisha akarudi kwenye unga wake.

Meneja wa shamba letu alikuwa Mgiriki. Mkewe, ambaye sote tulimwita Memsabu, alizaliwa katika kisiwa kimoja cha kwao, na kitu kilichomtesa Tanga hakikuwa joto wala mbu, bali kukosa jibini. Shamba lilikuwa na ng'ombe wake, basi akaamua kutengeneza jibini mwenyewe. Akamtuma mnyapara kambini atafute mwanamke wa kumsaidia. Wanawake wengi waliogopa mbwa wa pale. Mimi nilikuwa nimechoka kukaa kutwa nikitazama ukuta, nikaenda.

Memsabu alitazama kucha zangu, akageuza viganja vyangu, kisha akavinusa.

"Hii nini?"

"Udi, Memsabu. Na hina."

"Hina sawa. Udi hapana. Jibini nakula harufu."

Alikuwa na maana kwamba jibini linavuta kila harufu iliyo karibu. Basi nikaacha kujifukiza siku za kazi, na mume wangu akalalamika kwamba Mgiriki amemwolea mke nusu.

Kazi ilinipendeza tangu siku ya kwanza. Tuliyapasha maziwa moto hadi yawe vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto, Memsabu akatia unga kidogo wa dawa ya kugandishia, uliokuja ndani ya mkebe kutoka Ulaya. Tulisubiri. Yakaganda kama uji uliolala. Akayakata kwa kisu kirefu, huku na huku, na hapo ndipo nilipoyaona maji: yalipanda polepole katikati ya vipande, rangi yake kama dafu lililochanganywa na tone la manjano. Tulipomimina kwenye kitambaa cha shashi, debe zima la maziwa likatoa jibini la ukubwa wa kofia. Yaliyobaki yote yalikuwa maji.

"Tumeharibu?" nilimuuliza.

Memsabu alicheka hadi akajishika kiuno. Akayarudisha yale maji jikoni, akaongeza maziwa kidogo, akakoroga taratibu bila kuchoka. Yalipokaribia kuchemka, vikatokea vijiwingu vyeupe juu. Akavichota kwa kijiko chenye matundu, akavitia kwenye kisahani, akamimina asali, akanipa. Kilikuwa kitu laini, kitamu, kisicho na haraka mdomoni. Yeye alikiita kwa jina la kwao ambalo ulimi wangu ulishindwa kulishika. Mimi nikakiita mtoto wa jibini, na baada ya siku chache naye akawa anakiita hivyohivyo.

Hata baada ya kuzaa mtoto huyo, maji yalibaki mengi. Tuliyamwaga kwenye mtaro nyuma ya jiko, na mtaro ukaanza kunuka. Harufu hiyo ndiyo iliyomleta Mswisi.

Alikuwa fundi mitambo katika shamba la jirani, mwenye ndevu nyekundu, na alifuga nguruwe. Alisimama kibarazani na kofia mkononi, akautazama ule mtaro kama mtu anayetazama nyumba ikiungua. Sasa, Memsabu hakujua lugha za Uswisi, na yule bwana hakujua Kigiriki. Lugha waliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili, cha namna yao. Basi wakagombana kwa Kiswahili, mimi nikiwa katikati na ndoo.

"Memsabu, wewe namwaga mali!" alisema. "Kwetu hapana mtu namwaga maji hii. Kwetu milimani nguruwe nakunywa, nanenepa hivi!" Akapanua mikono hadi ikagonga nguzo ya baraza.

"Kwetu tunapika tena, tunapata jibini ingine," Memsabu akajibu. "Sisi hapana pa nguruwe jibini."

"Mimi hapana taka jibini. Mimi nataka maji ya mwisho."

"Mwisho gani? Mwisho ya kwanza ama mwisho ya pili?"

Mswisi alifikiri. "Mwisho ya mwisho," akasema.

Niliingia jikoni kucheka peke yangu. Nilipotoka walikuwa wameshapatana: Memsabu kwanza apate mtoto wake wa jibini, na yatakayobaki yaende kwa nguruwe. Mswisi akaacha mkebe wake mkubwa pale nje, na tangu siku hiyo mtaro ukakauka.

Langoni mwa shamba palikuwa na duka la Mhindi. Mkewe, mama mmoja mnene wa Kigujarati mwenye kicheko cha haraka, ndiye aliyekuwa akiuza kila mchana. Siku moja nilikwenda kununua uzi. Akaninusa kutoka ng'ambo ya kaunta.

"Wewe natoka kwa jibini," alisema. "Ile maji nafanya nini?"

Nikamweleza habari ya nguruwe. Alijipiga paji la uso. "Arre! Ile maji iko ya kukanda unga, iko ya kunywa. Sisi nyumbani hapana mwaga hata tone."

Akaniingiza nyuma ya duka. Kumbe naye alitengeneza jibini lake, tena bila dawa ya mkebe, kwa kukamulia ndimu kwenye maziwa yanayochemka. Maji yake alikandia chapati. Mengine alitia chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, akanipa bilauri. Siku ilikuwa ya joto na niliinywa yote kwa pumzi moja.

Niliomba ruhusa kwa Memsabu, naye akaniruhusu kuchukua kiasi kabla ya Mswisi kupata chake. Jioni hiyo nilikanda chapati kwa maji ya jibini. Mume wangu alikula ya kwanza kimya, akala ya pili kimya. Alipofika ya tatu akauliza, "Nani alikuja kukusaidia kupika?"

Nilimnyima ya nne.

Lakini moyoni nilishakwenda mbali zaidi ya chapati. Nilikuwa namfikiria mama mkwe na tanuri lake. Dereva mmoja wa malori ya katani alikuwa mjomba wa mume wangu. Siku ya lori lake nikapanda pale mbele, nimepakata kopo la maji ya jibini, tukashuka nalo Tanga pamoja na marobota.

Mama mkwe alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama.

"Umeniletea maji ya kuoshea nini?"

"Ya kukandia, mama. Jaribu donge moja tu. Likiharibika nitalila mimi."

Alikata donge dogo, akalikanda kando, kama anayemkanda mtu asiyemwamini. Lilipoumuka lilipanda kuliko mengine. Alipolibandika tanurini likatoa rangi nzuri ya dhahabu, na lililobaki hadi alasiri lilikuwa bado laini, wakati mikate mingine imekwisha kukaza. Alinirudishia kopo tupu lililooshwa, akauliza lori la mjomba litashuka tena siku gani.

Baada ya hapo mikate ya mama mkwe ilipata jina mtaani. Watu walituma watoto mapema ili wasikose. Walimuuliza amebadili nini, naye akajibu kwamba amebadili maji, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikumfaidi mtu. Mimi nilisikia fahari, lakini kwa majirani niliendelea kuwa "mke wa mwanangu".

Kisha siku moja nilifika Chumbageni nikamkuta ameketi juu ya kibao cha mbuzi, tanuri limezimwa, mikono juu ya magoti. Mikate ya asubuhi ilikuwa imejaa ungo, haijaguswa. Jirani mmoja, ambaye mwanawe aliwahi kufanya kazi mashambani, alikuwa amesimama barazani na kutangaza: je, mnajua Wazungu wanagandisha maziwa kwa nini? Kwa tumbo la ndama! Na ndama huyo nani kamchinja? Tena na nguruwe wanakunywa maji hayohayo!

"Nimelisha watu," mama mkwe alisema. "Nimelisha mpaka watoto wa chuoni."

Sikuwa najua kilichomo ndani ya ule mkebe wa dawa. Yeye akainuka, akajitanda kanga, tukatoka pamoja kwenda kwa mwalimu wa chuo, aliyesomesha watoto Kurani mtaa wa pili.

Mwalimu alikuwa mzee mpole, anayesikiliza huku amefumba macho hadi ukadhani kalala. Alituuliza maswali mengi. Nguruwe wanatumia chombo chetu? Hapana, wana mkebe wao, na wanapata ya mwisho. Dawa inatoka kwa mnyama gani? Ndama, kama wanavyosema. Aliyemchinja? Hatujui, inakuja tayari ni unga.

"Wako wanazuoni wanaoona hapana neno," alisema mwishowe, "na wako wanaokataza. Mimi sijui ndama huyo alikufaje, na nisichokijua sitakihalalisha kwa ajili ya ulaini wa mkate. Mliokula bila kujua hamna makosa. Lakini mkate unaowauzia watu usiwaachie shaka."

"Na maziwa yakigandishwa kwa ndimu?" niliuliza. Lilinitoka bila kupanga.

Alifumbua macho. "Ndimu? Ndimu ina shaka gani?"

Tulipotoka, nilijua sasa nitalaumiwa. Nilikuwa nyuma ya mama mkwe hatua mbili, kichwa chini. Alisimama akanisubiri.

"Hebu tembea, mwanangu," alisema. "Jua kali hili."

Mwanangu. Nilijikwaa kwenye jiwe ambalo lilikuwa wazi kabisa mbele yangu, akanishika mkono, akanikaripia nitazame ninapokwenda.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Memsabu. Niliogopa atadhani namwita mchafu. Nilimsubiri amalize kufunga shashi, nikamweleza yote, nikikunjakunja vidole.

"Dini yako nasema hapana?"

"Inasema tujue kwanza, Memsabu. Na hatujui."

Alinyoosha kidole kwenye picha ya Mariamu iliyokuwa ukutani kwake, yenye taa ndogo mbele yake. "Mimi mwezi kesho nafunga. Siku mingi. Hapana nyama, hapana maziwa, hapana jibini. Bwana nacheka mimi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Wewe hapana cheka mimi. Mimi hapana cheka wewe. Sasa, nani najua hii jibini ya ndimu?"

Hivyo ndivyo mama wa dukani alivyoingia katika jiko la Memsabu. Walikuwa majirani miaka mingi, lakini walichowahi kuambiana ni bei ya sukari tu. Alikuja na sari yake ya manjano na kikapu cha ndimu, akaamuru moto uongezwe kana kwamba jiko ni lake.

Jaribio la kwanza liliharibika. Memsabu alipenda kuongeza, na mama wa dukani alipogeuka tu, ndimu nyingine tatu zikaingia. Jibini likatoka chengachenga kama mchele uliovunjika, na maji yake yakawa makali. Memsabu aliyaonja akafumba jicho moja. Mama wa dukani aliyaonja akafumba yote mawili. Mimi sikuonja, nilikuwa nimekaa chini kwa kucheka.

La pili tulilifanya kwa adabu. Maziwa yakachemka, tukayaepua, ndimu ikaenda tone kwa tone, na mara maziwa yakaachana: meupe huku, maji ya kijanikijani huku. Jibini tulilifunga kwenye shashi na kulikandamiza kwa jiwe la kusagia. Lilitoka laini na jeupe pe. Memsabu alifurahi, akayabandika yale maji jikoni mara moja ili apate mtoto wake wa jibini. Alikoroga. Yakachemka. Akakoroga tena. Hakuna kijiwingu hata kimoja kilichotokea.

"Mtoto wapi?" aliuliza, akichungulia sufuriani.

Mama wa dukani alilipiga lile jibini kwa kiganja. "Mama na mtoto iko pamoja ndani ya hii. Wote natoka mara moja."

Nilidhani mambo yameishia hapo, maana Memsabu alimpenda mtoto wa jibini kuliko jibini lenyewe. Alitembea jikoni, akatazama asali yake rafuni. Kisha akagawa siku. Siku nyingine tutagandisha kwa dawa, apate mtoto wake, na Mswisi apate mwisho ya mwisho. Siku nyingine tutagandisha kwa ndimu, na maji yote yatakuwa yangu. Mama mkwe alipopata habari alileta kopo jipya kutoka mjini, amelifunga kwenye kanga, pamoja na sufuria na shashi, akaagiza vyombo hivyo vikae kwenye kabati la peke yake. Memsabu alimpa kabati lenye ufunguo.

Mwalimu naye alipelekewa maji ya ndimu ayaone. Mama mkwe aliyatia chumvi na bizari kama nilivyofundishwa dukani. Mzee alikunywa, akapangusa ndevu, akauliza kama kopo limekwisha.

Tanuri likawashwa tena. Na kwa kuwa siku za ndimu maji yalikuwa mengi kuliko unga wa mama mkwe, nilianza kuyapeleka korona saa ya mapumziko. Pale walifanya kazi watu wa kila upande: Wamakonde, Wabena, Waha, Warundi waliokuja kwa mkataba. Kila mmoja aliyapokea maji yangu kwa habari ya kwao. Wale waliotoka nchi za ng'ombe walisema kwao huyapata wakisukasuka siagi kwenye kibuyu, na kwamba yangu ni mepesi mno. Mmakonde mmoja alisema kwao hakuna ng'ombe hata wa kumtazama, kwa hiyo yeye hana la kukosoa, akanyoosha kikombe tena. Mume wangu alisimama kando, amejaa unyevu wa mkonge toka kichwani hadi miguuni, akiwaambia wote kwamba ni mkewe.

Wifi yangu aliolewa wakati Memsabu yumo katika mfungo wake. Mama mkwe alitaka aalikwe, naye akaja Chumbageni amevaa gauni jeusi na shanga, akaketi mkekani na wanawake. Vyakula vikapita mbele yake: biriani, kuku, haluwa iliyopikwa kwa samli. Vyote alivikataa kwa kuweka mkono kifuani. Mama mkwe akaingiwa na wasiwasi. Akachukua mkate wa ajemi uliotoka tanurini wakati huohuo, akampelekea mwenyewe.

Memsabu aliushika, akaunusa, macho yakamlegea.

"Maziwa?" alininong'oneza.

"Maziwa, Memsabu. Maji ya ndimu."

Akaurudisha sahanini huku anacheka kwa uchungu. Nilipomweleza mama mkwe sababu, alimtazama yule Mzungu kwa macho mapya. "Amefunga!" alisema, akawageukia wageni wote. "Amefunga, na sisi tunamzungushia sahani puani!" Akaamuru aletewe tende na kahawa chungu, akaketi karibu naye hadi alipoondoka. Kabla ya hapo alimuuliza Idi yao ni lini.

Siku ya Idi yao, yaani Pasaka, mjomba alipandisha lori tupu shambani alfajiri na kikapu kando yake, mikate ndani yake ingali moto. Memsabu alikula mmoja palepale mlangoni, amesimama, na kipande cha jibini juu, bila kungoja sahani wala mumewe. Mswisi, aliyekuwa amealikwa chakula cha mchana, alikuja asubuhi na akapata wake pia.

Kikapu hakikurudi kitupu. Nilikishusha mwenyewe Chumbageni na kukifunua mbele ya mama mkwe. Ndani yake mlikuwa na mayai mekundu kama damu ya mzee, yanang'aa kwa mafuta.

Mama mkwe alilizungusha moja vidoleni. "Kuku gani huyu?"

"Wanayapaka rangi, mama. Ni desturi yao siku hii. Mnagonganisha, la mwenzio likivunjika wewe umeshinda."

Hakuridhika. Alilibambua kwanza, akalikuta ndani jeupe, lenye kiini cha manjano, kama mayai yote ya Mungu. Ndipo akaniita nikae mbele yake, akachagua yai kubwa kuliko yote, akanipa mimi dogo, akainua mkono.

"Haya, mwanangu," alisema. "Gonga."